Kifungu cha Kwanza

Kila mwezi wa Septemba, mahindi yanapoanza kukauka pande zote za mji wa Prairie Ford, Chuo cha Ellingsworth huanza kupanga. Hupanga kwa bidii, hupanga kwa moyo mmoja, na kinapomaliza kupanga huwa kimechoka kiasi cha kutoweza kufanya kitu kingine chochote hadi Septemba inayofuata. Chuo chenyewe ni kidogo: wanafunzi elfu moja na mia moja, maprofesa tisini, na kamati hamsini na tatu. Lorna Vesterby alizihesabu kamati hizo mwaka alioajiriwa, akadhani amekosea, akarudia, akapata hamsini na nne.

Lorna alikuwa mkuu wa ofisi ya kompyuta, na mwaka huo zamu ya kupanga ilimwangukia yeye. Mkuu wa Taaluma, Dokta Preston Whitlock, alimwita ofisini kwake, akamkaribisha kahawa, akamwambia kwamba wadhamini wa chuo wanataka Mpango wa Uwekezaji wa Teknolojia wa Miaka Mitano, na wanautaka mezani mwezi wa pili.

"Andika kwa uhuru kabisa," Whitlock alimwambia. "Wewe ndiye mtaalamu. Sisi wengine tunabonyezabonyeza tu. Ukishamaliza, kamati itautazama."

"Itautazama, au itauandika upya?"

"Dada yangu, umeanza uchokozi wako asubuhi yote hii," alisema Whitlock, akacheka, akamwongezea kahawa.

Lorna aliumaliza mpango kwa siku mbili. Kurasa nne, vifungu kumi na kimoja, maneno makavu yasiyo na mapambo. Kifungu cha kwanza kilisema kwamba mashine inayotunza hifadhi ya chuo, iliyoko kwenye chumba cha chini ya ardhi cha maktaba, ina umri wa miaka kumi na minne. Kwamba kifaa chake cha kunakilia kilikufa tangu mwaka juzi. Na kwamba inunuliwe nyingine haraka, kabla hii haijafa na kila kilichomo. Mishahara na alama za wanafunzi hazikuwa na shida, kwa sababu zilitunzwa na kampuni ya nje. Mashine ile ilibeba mengine yote ambayo chuo hakikutaka kumlipa mtu ayatunze: picha za miaka mia, tasnifu za wahitimu, mihtasari ya vikao vya kamati zote, na sauti za kina mama wa Profesa Alma Birkeland.

Sauti hizo zilijulikana jimbo zima la Iowa. Kwa miaka thelathini na mmoja Alma alikuwa akizunguka mashambani na gari lake bovu, akiketi jikoni kwa wake za wakulima na kuwarekodi wakisimulia: mvua ya mawe iliyomaliza shayiri, mtoto aliyezaliwa kwenye theluji, benki iliyochukua shamba. Walikuwa mia sita na arobaini, na wengi wao sasa wako makaburini. Darasani Alma hakuchoka kufundisha kwamba historia imewaonea watu wasioandikwa, na kwamba mama akisema "nakumbuka", neno lake lina uzito kuliko faili la serikali. Lorna alimpenda. Mara moja kwa wiki Alma alipita ofisini kwake na kipande cha keki ya limau ndani ya karatasi, akimwita "mwanangu", ingawa Lorna alikuwa na miaka hamsini na mbili na goti linalolia akipanda ngazi.

Lorna alikuwa na sababu yake ya kutaka mambo yaende sawa. Pale Ellingsworth mtoto wa mfanyakazi husoma bure, na mtoto wa asiye mfanyakazi hulipa pesa za kununua trekta, kila mwaka. Greta, binti yake, alikuwa mwaka wa pili, anasoma biolojia na anaipenda. Mama akifukuzwa kazi, binti anafungasha.

Mpango ukapelekwa kamatini mwezi wa kumi. Kamati ilikuwa na wajumbe sita, Alma akiwa mmoja wao na Whitlock mwenyekiti, na bibi mmoja mnyamavu aitwaye Nadine Pruitt akiandika muhtasari. Walikuwa hawajafika mstari wa tatu wakati Julian Sackheim wa idara ya falsafa alipoinua mkono.

"Neno 'kufa' linanisumbua," alisema. "Mashine inakufa kwa maana gani hasa?"

"Kwa maana kwamba unaiwasha na haiwaki," Lorna alimjibu.

"Sawa, lakini unaona sasa, hapo tayari tumeshaingiza dhana ya uhai."

Walilijadili suala la uhai kwa saa moja na nusu. Lorna alitazama saa ya ukutani, akatazama sahani ya donati, akakumbuka kwamba wajumbe hawa ndio waliokataa hifadhi ile ihamishiwe kampuni ya nje, kwa hoja kwamba nafsi ya chuo haikodishwi. Hawakuikodisha, na hawakuitafutia pa kukaa.

Mwezi wa kumi na moja akaletwa mshauri kutoka Chicago, kijana wa viatu vya kung'aa bila soksi, na theluji imeshaanza kuanguka. Aliwaonyesha picha ya ngazi inayopanda mawinguni, akawaambia wao wako kwenye safari. Kwa kuwaambia hivyo alilipwa zaidi ya bei ya mashine mpya. Mwezi wa kumi na mbili akaja Royce Haverkamp, mhitimu wa zamani aliyetajirika kwa kuuza maghala ya nafaka, akasema yuko tayari kutoa dola milioni moja kwa ajili ya teknolojia, mradi kitu chenyewe kionekane kutoka barabarani na kiwe na jina lake. Lorna alimpeleka chini ya maktaba akamwonyesha mashine. Haverkamp aliitazama, akatazama ukuta wenye unyevu, akauliza kibao cha jina kitawekwa wapi. Kwenye mpango kikaingizwa Chumba cha Maono cha Haverkamp, chenye kuta za vioo na skrini tisa.

Kila kikao Lorna alirudi kwenye kifungu chake cha kwanza. Alisema mwezi wa kumi, akasema wa kumi na moja, akasema wa kumi na mbili, akasema Januari. Nadine aliandika kila neno. Kikao cha Februari, siku ya kupitisha mpango, Alma Birkeland mwenyewe ndiye aliyeomba kifungu hicho kirekebishwe.

"Lorna mwanangu, usinielewe vibaya," alisema kwa ile sauti yake ya jikoni. "Wadhamini ni wazee. Ukiwaandikia mambo ya vifo ukurasa wa kwanza, watashtuka, watafunga mkoba. Maneno yana namna yake. Tuseme hivi: 'Chuo kitaimarisha utamaduni wake wa kutunza.' Mashine imo humo humo ndani, ila kwa heshima."

"Profesa, duka halikuuzii kitu kwa utamaduni. Mashine haitafika kiangazi. Nawaambia kwa mara ya tano."

"Na tumesikia," alisema Whitlock. "Nadine, andika kwamba tumesikia."

Rekebisho likapita bila mpinzani. Lorna akaomba jambo moja tu la mwisho: kwamba mashine ikianza kwenda, yeye ana diski moja aliyoinunua kwa pesa yake, basi wamwambie aokoe nini kwanza. Hapo ndipo kamati ilipochangamka. Kila mjumbe aliona kitu cha idara yake ndicho roho ya chuo. Walivutana, wakanuniana, watu wawili waliokuwa wakila pamoja miaka kumi wakaacha kusalimiana. Mwishowe wakapatana kwenye kitu pekee ambacho hakikuwa cha yeyote, kwa hiyo hakikumuudhi yeyote, na likawa azimio rasmi: kwanza kabisa, iokolewe mihtasari ya vikao vya kamati, pamoja na rekodi zake zote za sauti tangu zianze. Mpango ukachapwa kwenye karatasi nzito inayong'aa. Jalada lilikuwa na picha ya msichana anayeicheka kompyuta iliyozimwa, na chini yake: Umeandaliwa na Lorna Vesterby.

Alhamisi moja ya Aprili, saa tatu asubuhi, Emmett Sobczak alipiga simu. Emmett alikuwa fundi wa Lorna, mzee wa miaka sitini na miwili aliyeongea na mitambo kwa upole kuliko alivyoongea na binadamu.

"Bosi, shuka huku," alisema. "Mzee wetu anakata roho."

Lorna alishuka ngazi goti likilia. Taa nyekundu zilikuwa zinawaka pale ambapo siku zote huwaka za kijani, na kutoka ndani ya sanduku ilisikika sauti ya kukwaruza. Diski nne kati ya nane zilikuwa zimeshazima. Emmett alikuwa amekwisha piga hesabu.

"Bado inasomeka, ila kwa kujikokota. Nikikisia, tuna saa nne, tukibahatika. Kitu kimoja kikubwa kitatoka. Viwili, sahau." Akachomeka diski ya Lorna. "Basi mihtasari. Si ndiyo sheria yao?"

Lorna alisimama na mkono juu ya mashine, iliyokuwa ya moto. Ndani ya ile mihtasari alikuwamo yeye mwenyewe, mara tano, tarehe na saa, akiwaonya. Karatasi hazikuwapo, miaka mitatu nyuma kamati ilipiga kura kuacha karatasi ili kuokoa miti, na ikasaga mafaili ya makabati yote. Barua pepe hazikuwapo pia, kwani Whitlock alipiga marufuku mambo ya kamati kwenye barua pepe tangu vile vita vya maegesho ya magari, ambapo maprofesa arobaini walitukanana kwa Kilatini wiki nzima. Hata zile kurasa zake nne za awali zilikuwa kwenye mafaili hayo hayo ya kamati. Kinga yake yote ilikuwa humo. Kinga yake, na ada ya Greta.

Na humo humo walikuwamo kina mama mia sita na arobaini ambao hakuna kamati iliyowaweka kwenye orodha, hata Alma mwenyewe, ambaye siku ile ya mvutano aliona haya kuitetea kazi yake na akapigia kura mihtasari kwa ajili ya amani.

"Anza na kina mama," alisema Lorna.

Emmett alimgeukia. "Bosi, unajua kilichomo kwenye ile mihtasari?"

"Nimo mimi."

"Basi fikiri kidogo. Watakutafuna mzima mzima."

"Nimefikiri. Anza, Emmett, muda unakwenda."

Walikaa kwenye viti viwili vya plastiki wakitazama mstari wa buluu ukisogea. Emmett alimgawia nusu ya mkate wake wa nyama ya bata mzinga. Lorna aliogopa, aliogopa kweli, na mara mbili alinyanyuka ili asimamishe kazi ile na kuanza nyingine, na mara mbili akaketi. Saa saba na dakika ishirini mchana, dakika tano baada ya mama wa mwisho kutoka, mashine ilinyamaza. Emmett alivua kofia yake, na Lorna hakumcheka.

Whitlock alipopewa habari alitoa agizo kabla hata ya kuuliza hasara: asiongee mtu na mtu mpaka kamati ikae rasmi. Lorna hakujali, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Alma na diski ndani ya mkoba. Alma alifungua mlango nusu. Macho yake yalikuwa yamevimba, na kwenye meza nyuma yake kulikuwa na sanduku la kadi zenye majina, moja moja, kwa mwandiko wa mkono.

"Profesa, nina neno moja tu la kukwambia."

"Usiniambie, mwanangu. Mimi ni mjumbe. Tukiongea pembeni tutaharibu utaratibu, na atakayeumia ni wewe." Akafunga mlango taratibu. Kesho yake Lorna alirudi, na kesho kutwa, na mlango haukufunguliwa tena.

Kamati ilikaa wiki ya pili ya Mei. Ajenda zilikuwa tatu: kwanza, kama kamati ilionywa; pili, ratiba ya uzinduzi wa Chumba cha Maono; tatu, vilivyookolewa. Lorna aliomba aanze kwa kusema nini kiliokolewa, na Whitlock akamwambia kwa adabu kabisa kwamba hilo liko namba tatu.

"Twende kwa mpango wenyewe," alisema Whitlock, akainua kile kitabu kinachong'aa. "Hapa, kwa jina lako. Kifungu cha kwanza kinazungumzia utamaduni wa kutunza. Sioni mashine. Sioni hatari. Ni wapi hasa ulipotuambia kwamba kitu hiki kinakufa?"

"Humu chumbani. Kwenye kiti hiki hiki. Mara tano."

"Na muhtasari wa vikao hivyo?"

"Umepotea pamoja na mashine."

"Ambao azimio letu lilisema uokolewe kwanza."

"Ndiyo."

Whitlock alishusha pumzi ya mtu anayehuzunika kwa sababu ya kazi. Akauliza kama kuna mjumbe anayekumbuka onyo lolote. Mmoja alisema mwezi wa kumi hakuwapo. Mwingine alisema alikuwapo lakini alikuwa na mafua. Sackheim alisema kwamba anakumbuka mjadala mzuri sana kuhusu uhai, ila hakumbuki ulianzia wapi. Wote wakamgeukia Alma, na Lorna naye akamgeukia, kwa kuwa kama kuna mtu mmoja duniani aliyetumia maisha yake kuamini neno la mdomo, ni huyu.

Alma alikunja na kukunjua leso yake. "Nakumbuka kitu kama hicho," alisema. "Nadhani alisema. Lakini kumbukumbu yangu mimi si ushahidi, Preston. Hatuwezi kuendesha chuo kwa ninachokumbuka mimi. Hoja ni kama maandishi yapo, na maandishi hayapo."

Lorna angeweza kukasirika kama Alma angesema uongo, lakini Alma alikuwa amesema kweli tupu, kwa utaratibu, akiwa na uchungu, na hilo lilimkata maini zaidi. Hoja ikasomwa: kwamba hakuna ushahidi wa maandishi kuwa kamati ilionywa, na kwa hiyo mkataba wa mkuu wa ofisi ya kompyuta usihuishwe baada ya Juni. Mikono sita ikapanda, wa Alma ukiwa wa mwisho. Kisha wakajadili uzinduzi wa Chumba cha Maono kwa dakika arobaini, hasa suala la utepe uwe rangi gani.

"Ajenda ya tatu," alisema Whitlock akitazama saa. "Lorna, kwa kifupi."

Lorna alitoa diski mkobani, ndogo, nyeusi, inayoenea kiganjani. Hakuiweka mbele ya mwenyekiti. Alizunguka meza akaiweka mbele ya Alma.

"Nafasi ilikuwa ya kitu kimoja," alisema. "Nimechukua hawa. Wako wote mia sita na arobaini."

Alma aliigusa diski kwa kidole kimoja, akakitoa, akaigusa tena. "Hazel Tvedt yumo?" aliuliza. "Yule wa ghala lililoungua?"

"Yumo. Hata mlango wa friji yake unasikika ukifungwa."

Alma alilia bila kujificha, mwanamke wa miaka sabini na mmoja mbele ya wenzake. Halafu akajifuta, akainua mkono, kwa sababu hata katika hali ile hakuweza kusema bila kuinua mkono.

"Naomba hoja ya kwanza ifunguliwe upya. Nilipiga kura upande ulioshinda, kwa hiyo kanuni inaniruhusu. Na nataka iandikwe kwamba nakumbuka. Sikusema 'nadhani'. Alituambia mara tano, na mara ya tano mimi ndiye niliyemnyamazisha, kwa upole, nikimwita mwanangu."

"Kanuni inakuruhusu," Whitlock alikubali. "Inahitaji mtu wa kukuunga mkono. Nani anamuunga mkono Profesa Birkeland?"

Sackheim alitazama dari. Aliyekuwa na mafua alitoa leso akaitumia kwa muda mrefu. Mwingine alikuwa na donati mdomoni, akaendelea kuitafuna polepole ili isiishe. Lorna aliwatazama mmoja mmoja na kuona kwamba watatu kati yao, angalau, walikuwa wanakumbuka vizuri sana. Lakini kufungua hoja kungezusha swali la nani aliyesikia na akanyamaza, na hapo isingekuwa tena habari ya mkuu wa ofisi ya kompyuta peke yake.

"Hakuna," alisema Whitlock baada ya muda wa kutosha kwa mujibu wa kanuni. "Hoja imeanguka. Nawashukuru kwa kikao chenye tija."

Watu walikusanya makoti na vikombe. Alma alibaki kwenye kiti ameikumbatia diski, na Lorna alipopita nyuma yake aliuweka mkono begani mwa yule bibi, akauacha hapo kidogo, kisha akauondoa. Alikuwa anawaza atamwambiaje Greta, aanze na lipi. Alikuwa ameshafika mlangoni wakati Nadine Pruitt, aliyekuwa amemaliza kuandika, alipomvuta kwa mkono wa sweta.

"Samahani mwenzangu," alimnong'oneza, "najua si wakati wake. Lakini muhtasari huu wa leo niuhifadhi wapi?"

Lorna alifikiri, maana lilikuwa swali la kikazi na bado alikuwa kazini hadi Juni.

"Uandike kwenye karatasi," alimwambia, "halafu nenda nao nyumbani kwako."